Kiungulia Baada ya Kula: Sababu Zake na Namna ya Kukichunguza

 

Ndugu Waislamu, bibi mmoja alituletea swali kwa niaba ya mumewe, na kwa kuwa swali lake ni la nyumba nyingi tumeona tulijibu hadharani bila ya kutaja jina. Mumewe ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mwenye nguvu zake, wala si mtu wa kukosa sala ya jamaa. Katika mwezi wa Ramadhani hufuturu vizuri, kisha huenda msikitini kwa Isha na tarawehe. Lakini akianza tarawehe, kila asujudupo maji makali humpanda mpaka kooni, na kifua humuungua kama aliyemeza kaa la moto. Kwanza alidhani ni nyongo. Kisha akadhani ni vidonda vya tumbo, na mwisho akaogopa kuwa ni moyo. Hakumwambia mtu. Alianza kusimama safu ya nyuma, kisha karibu na mlango, na siku za mwisho za mwezi akawa haendi kabisa, anaswali nyumbani juu ya kiti. Bibi anauliza mambo matatu: haya ni maradhi gani, je, saumu na sala ya mumewe zimesihi, na yeye aliye jikoni apike nini.

Maradhi haya yana jina la Kiswahili la tangu zamani, nalo ni kiungulia. Neno lenyewe limetokana na kuungua, na waliolitunga walijua walisemalo. Ni ule moto unaoanzia penye chembe cha moyo ukapanda nyuma ya mfupa wa kifua kuelekea kooni. Pengine hufuatana na kucheua maji makali au machungu, au chakula chenyewe kurudi kinywani bila ya kichefuchefu. Wako wasioungua kifua hata kidogo, lakini huamka asubuhi sauti imekauka, au hukohoa kila walalapo, au huhisi kitu kimekaa kooni hakipandi wala hakishuki. Mara moja moja, baada ya karamu ya harusi, hali hii si maradhi. Matabibu huihesabu kuwa maradhi pale inapokuja mara kwa mara na kumharibia mtu usingizi wake, kazi yake au, kama tulivyosikia, ibada yake.

Lakini kabla ya kwenda mbele yapasa tuseme neno juu ya moyo, kwani kiungulia na maumivu ya moyo hukaa nyumba moja, na watu hukosea kwa njia mbili zilizo kinyume. Wengine wana kiungulia wakaishi katika hofu ya moyo. Wengine wana maradhi ya moyo wakayaita kiungulia. Sisi wenyewe tunalo tusilolisahau. Miaka mingi iliyopita, katika mtaa tuliokuwa tukikaa, mzee mmoja aliinuka kwenye sinia ya biriani akashika kifua, akasema, "Kiungulia hiki." Alikuwa akitoka jasho jingi ilhali usiku ule ulikuwa wa baridi, na mkono wake wa kushoto alikuwa akiukandakanda. Tukamkorogea maji ya magadi. Akanywa, akacheua, tukafurahi. Baada ya saa tukamkorogea mengine. Alfajiri hakuamka, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hapakuwa na mtu mbaya katika chumba kile. Palikuwa na watu waliodhani kwamba maumivu yakija baada ya kula ni lazima yawe ya tumbo. Sivyo. Shibe kubwa huutaka moyo ufanye kazi zaidi, na moyo ulio mgonjwa huweza kulalamika pale pale mezani.

Basi jueni tofauti iliyo ya kawaida. Kiungulia huchoma na kupanda, huzidi mtu akiinama au akilala, huja pamoja na maji makali kinywani, na hupungua akinywa dawa ya kuzima tindikali. Maumivu ya moyo aghalabu hubana au hulemea kama mzigo, huenea begani, mkononi, shingoni au tayani, huja na jasho, kuhema au udhaifu wa ghafla, na mara nyingi huchochewa na kupanda ngazi au kubeba mzigo. Hata hivyo alama hizi si mizani ya dhahabu. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kupatwa na moyo bila ya alama zote hizo, na hata tabibu hodari hategemei kusikia tu, bali hupima umeme wa moyo na damu. Mwenye maumivu mapya ya kifua yenye jasho au kuhema apelekwe hospitali saa ile ile, wala asikorogewe kitu.

Na vidonda vya tumbo je? Jina hili limekuwa kapu la kutilia kila maumivu ya tumbo, na tunajua watu waliotumia dawa za vidonda miaka kumi bila ya kupimwa hata mara moja. Kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba aghalabu huuma tumbo likiwa tupu, au usiku wa manane, na mgonjwa akila kidogo hupata nafuu kwa muda. Kiungulia ni kinyume chake, huja mtu akisha kula. Tena sababu zao ni mbali mbali. Mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliwagundua vijidudu vinavyokaa ndani ya mfuko wa chakula, na ikadhihirika kwamba vidonda vingi vinatokana navyo. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vijidudu hivyo hupimwa na kuuliwa kwa dawa. Kiungulia hakitokani navyo. Kwa hiyo saa ambayo maumivu yanakuja ni habari yenye thamani, na atakayeiandika amemfanyia tabibu nusu ya kazi.

Sasa tulitazame jambo lenyewe, nalo ndani yake mna fumbo. Mfuko wa chakula hutoa tindikali kali, ile ile ambayo mwaka 1823 mtaalamu wa Uingereza, William Prout, aliitambua kuwa ni ya haidrokloriki. Kwa siku moja mfuko huo hutoa maji yake kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili. Chakula kikiingia huichanganya na kuipoza tindikali hiyo, kama vile ndimu ikikamuliwa ndani ya sufuria ya wali haikati ulimi kama ikikamuliwa ndani ya kijiko. Ikiwa ni hivyo, mtu aliyekula angetarajiwa kuwa na salama zaidi kuliko mwenye njaa. Kwa nini basi moto huwaka baada ya kula?

Kwa muda mrefu matabibu walijibu kwa kuutazama mlango. Baina ya umio, ambao ni mrija wa kiasi cha sentimita 25 unaoteremsha chakula, na mfuko wa chakula, pana msuli wa duara wenye urefu wa sentimita tatu au nne. Msuli huo hufunga kama mdomo wa gunia ulivyofungwa kamba, nacho kiwambo kinachotenga kifua na tumbo huushika kwa nje na kuusaidia. Mtu akimeza hufunguka, kisha hujifunga. Ilidhaniwa kwamba wenye kiungulia ni wale ambao msuli wao umelegea daima, au ambao sehemu ya juu ya mfuko imepenya kiwambo ikapanda kifuani. Wako kweli walio hivyo. Lakini mwaka 1980 John Dent wa Australia, akiwa na wenzake mjini Milwaukee, Marekani, aliweka mirija myembamba ya kupimia ndani ya umio wa watu, akaona jambo jingine: mara nyingi tindikali hupanda mlango ukiwa mzima kabisa, kwa kuwa umejifungua wenyewe kwa muda, bila ya mtu kumeza chochote. Hufunguka zaidi ya sekunde kumi hivi, kisha hujifunga. Hiyo ni hikima ya mwili ya kutoa hewa, na ndiyo njia ya kucheua. Kinachoufungua ni kutanuka kwa sehemu ya juu ya mfuko. Maana yake ni kwamba kadiri mtu anavyojijaza, na kadiri anavyoteremsha hewa na soda yenye gesi pamoja na chakula, ndivyo mlango unavyojifungua mara nyingi.

Jawabu hilo lilieleza kufunguka kwa mlango, ila halikueleza ukali wa kile kinachopanda. Fumbo lilibaki mpaka mwaka 2001, pale wataalamu wa mji wa Glasgow, Scotland, wakiongozwa na Kenneth McColl, walipochukua kipimo cha tindikali wakakivuta polepole kutoka ndani ya mfuko kupita mlangoni, kwa watu waliokwisha kula. Yapasa tueleze kipimo chenyewe kwa wanafunzi wetu. Kinaitwa pH. Maji safi yako kwenye 7, na namba ikishuka tindikali imezidi, na kila hatua moja ya kushuka ni ukali mara kumi. Katikati ya mfuko, palipo chakula, walikuta kiasi cha 4.7, yaani tindikali imepoa. Lakini juu kabisa, chini tu ya mlango wa umio, walikuta 1.6. Hatua tatu na zaidi, basi ukali wa mara elfu na kupita! Tindikali mpya inayotolewa baada ya kula hukaa juu ya chakula bila ya kuchanganyika nacho, kama mafuta ya samli yanavyotanda juu ya mchuzi uliotulia, ikafanya kidimbwi mlangoni hasa. Kidimbwi hicho huanza kuonekana kiasi cha robo saa baada ya kula, na huweza kudumu muda wa saa mbili hivi. Kwa wenye maradhi haya huwa kikubwa zaidi au hupanda juu zaidi, khasa wale ambao mfuko wao umepenya kiwambo.

Ndugu zetu, sasa rudini kwa yule muulizaji. Katika pwani yetu baina ya Magharibi na Isha pana kiasi cha saa moja na robo. Mtu amekaa na njaa mchana kutwa, adhana imelia, mbele yake pana tende, sambusa, bajia, kaimati, mihogo ya nazi, tambi za sukari, na jagi la maji ya ukwaju. Anakula upesi kwa kuwa muda ni mchache, na anakula kwa wingi kwa kuwa ameingoja saa hiyo. Vingi katika hivyo vimekaangwa, na mafuta huukawisha mfuko kujitoa, na humfanya mwenye kiungulia auhisi moto kwa urahisi zaidi. Kisha anajifunga kikoi kwa nguvu, anakwenda msikitini, na katika saa ile ile ambayo kidimbwi kimejaa mlangoni anainamisha kichwa chini ya tumbo lake mara arubaini katika tarawehe ya rakaa ishirini. Lau tungetaka kubuni njia ya kuipandisha tindikali tusingepata iliyo bora kuliko hii. Aibu aliyoiona mwenzetu safuni haikuwa na msingi, na tunakisia kuwa hakuwa peke yake.

Tusifikiri lakini kwamba kila kupanda kwa tindikali ni ugonjwa. Mwaka 1974 Lawrence Johnson na Tom DeMeester wa Marekani walieneza njia ya kuacha kipimo ndani ya umio kwa saa 24, mtu akila na kulala kama desturi yake. Ikaonekana kwamba hata walio wazima hupandisha tindikali baada ya kula, ila kidogo, na huondoka upesi, kwa kuwa kila tumezapo mate husafisha na kuizima. Leo matabibu husema kwamba umio ukiwa na tindikali chini ya sehemu 4 katika 100 za siku nzima, yaani kasoro ya saa moja, hiyo ni desturi ya mwili. Ikipita 6 katika 100 ni maradhi. Usingizini hatumezi, na mate hupungua sana, kwa hivyo tindikali ya usiku ni chache lakini hukaa muda mrefu, nayo ndiyo inayochubua.

Kipimo hicho hakipatikani kila mahali, wala si kila mtu anakihitaji. Kipo kipimo kingine ambacho kila nyumba inacho, nacho ni daftari na kalamu. Mwenye kiungulia aandike kwa wiki mbili: saa aliyokula, alikula nini na kiasi gani, moto ulianza dakika ngapi baadaye, alikuwa amesimama, amekaa, ameinama au amelala, na kitu gani kilimpoza. Aandike pia dawa alizomeza, kwani aspirini na dawa nyingine za maumivu huchubua, na doksisaiklini anayopewa mtu kwa malaria au maradhi mengine, akiimeza kwa funda moja la maji akalala, huganda ndani ya umio na kuutoboa kidonda. Aandike sigara na tumbaku. Kisha abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na alishike kwa siku kadhaa kabla ya kugusa la pili. Wengi wetu hufanya kinyume: siku moja tunaacha pilipili, chai, nyama na ndimu vyote pamoja, siku ya nne tumechoka tumerudia vyote, na hatukujifunza kitu.

Na tuitetee pilipili kidogo. Yeye hushitakiwa kila siku kwa kuwa ana sauti kubwa mdomoni. Ni kweli wako wanaochomwa naye, na hao wamwache, na ndimu, nyanya, chokoleti na kahawa vivyo hivyo. Lakini ushahidi wa kumkataza kila mtu vyakula hivi ni dhaifu, na tumewaona waliokonda kwa kujinyima huku wakiendelea kula shibe kubwa saa nne za usiku na kulala saa tano. Yenye ushahidi ulio mzuri zaidi ni haya: kupunguza uzito kwa aliyenenepa, kwani tumbo kubwa huusukuma mfuko juu, kuacha baina ya chakula cha mwisho na kulala muda wa saa tatu hivi, na kuinua upande wa kichwani wa kitanda. Kuinua kwenyewe kuwe kwa matofali au vipande vya mbao chini ya matendegu mawili ya kichwani, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, mpaka kitanda kizima kiwe na mteremko. Kurundika mito hakufai, kwani hulikunja tumbo na kulibana.

Liko na jambo la upande wa kulalia, na hapa tunajua kwamba baadhi ya ndugu watashtuka. Mfuko wa chakula umening'inia upande wa kushoto. Mtu akilala kwa ubavu wa kushoto, mlango wa umio huwa juu na tindikali huwa chini. Akilala kwa ubavu wa kulia, mlango huzama ndani ya tindikali. Mwaka 2022 wataalamu wa Amsterdam waliwachunguza wagonjwa 57 usiku wakiwa wamelala, wakakuta kwamba tindikali iliyopanda iliondoka katika umio kwa kiasi cha nusu dakika kwa waliolalia kushoto, na dakika moja na nusu kwa waliolalia kulia. Nasi tunajua kwamba sunna ni kuanza kulala kwa ubavu wa kulia. Sunna hiyo ni ya kupendekezwa, si faradhi, na mgonjwa aliyeambiwa na tabibu alalie kushoto hana lawama yoyote. Akipenda, ajinyooshe kwanza kwa ubavu wa kulia, asome nyiradi zake, kisha ageuke alale. Hapana mgongano hapo ila kwa anayeutafuta.

Kina mama wajawazito wana hesabu yao. Huambiwa kwamba mwenye kiungulia kikali atazaa mtoto mwenye nywele nyingi, na wengine hufurahi kwa hilo! Sababu iliyo wazi ni kwamba homoni za mimba huulegeza mlango, na mtoto anavyokua huubana mfuko. Chakula kidogo kidogo mara nyingi humsaidia zaidi kuliko milo mikubwa. Lakini asile magadi wala udongo. Magadi humtuliza kwa dakika chache, huku chumvi yake ikiweza kumpandishia shinikizo la damu, na udongo humletea minyoo na kumzidishia upungufu wa damu.

Juu ya dawa, vidonge vyeupe vya magnesia huzima tindikali upesi, ila nguvu yao ni ya muda mfupi. Ziko dawa za maji zinazotokana na mwani, ambazo hufanya povu zito likaelea juu ya mfuko na kukifunika kile kidimbwi tulichokitaja. Hizo hunywewa baada ya kula. (Si mwani huu wa Paje na Jambiani, ambao hutoa kitu cha namna nyingine.) Wenye kuhifadhi vidonge vya zamani vya ranitidini wajue kwamba dawa hiyo iliondolewa katika soko la nchi nyingi mwaka 2019 na 2020, kwa kuwa ilikutwa na uchafu unaoshukiwa kuleta saratani. Dawa yenye nguvu zaidi ni ya jamii ya omeprazoli, iliyoanza kuuzwa Sweden mwaka 1988. Hiyo huzifunga pampu zinazotoa tindikali, na pampu hizo huamshwa na chakula. Kwa hivyo sharti imezwe nusu saa au zaidi kabla ya kula. Wengi huimeza usiku wakiwa tayari wanaungua, kisha husema haifai kitu. Katika Ramadhani utaratibu wake ni mwepesi kwa aliyeandikiwa na tabibu: afungue kwa maji, ameze kidonge, akaswali Magharibi, na chakula kije baada ya nusu saa.

Wala dawa zisimfiche mtu alama zisizongojewa. Chakula kikianza kukwama kinaposhuka, kwanza ugali na nyama, baadaye hata uji. Mtu akikonda bila ya kutaka. Akitapika damu au akienda choo cheusi kama lami. Au kiungulia kikianza ukubwani na kuzidi, basi na aende hospitali akaangaliwe ndani ya umio kwa mrija wenye taa. Tunasisitiza hili la kukwama kwa watu wetu khasa, kwani saratani ya umio ni nyingi katika ukanda wa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Aina iliyo nyingi kwetu haitokani na kiungulia, lakini mgonjwa wake wa mwanzo mara nyingi hunywa dawa za kiungulia miezi sita, na miezi hiyo haimrudii. Na kwa kuwa tumelitaja, chai na uji vinywewe vikisha poa kidogo: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto wa kupita digrii 65 katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta saratani hiyo.

Tumjibu sasa bibi yetu katika yaliyobaki. Ama saumu, kinachopanda chenyewe bila ya mtu kukusudia hakiiharibu. Kikifika kinywani akiteme na asukutue, kwani katika madhehebu ya Shafi kitokacho tumboni ni najisi. Akikimeza kwa makusudi hali anaweza kukitema, saumu hiyo imeharibika na atailipa. Udhu wake hautanguki kwa kucheua wala kutapika katika madhehebu hayo hayo. Ama kuswali juu ya kiti, sala za sunna kama tarawehe inajuzu kuziswali umekaa hata bila ya udhuru, ila asiye na udhuru hupata nusu ya thawabu. Faradhi ya Isha ni lazima asimame anayeweza kusimama, na asiyeweza kusujudu kwa udhuru wa kweli ataashiria.

Na jikoni, asibadilishe vyakula vyote kwa siku moja akaifanya nyumba nzima iwe hospitali. Wakati wa Magharibi aweke tende, maji, na bakuli moja la uji au supu nyepesi, na vya kukaanga viwe vichache vya kuonja. Chakula chenyewe kije baada ya tarawehe, kwa kiasi, na mzee asilale mpaka zipite saa mbili tatu, ambazo katika mwezi ule si vigumu kuzipatia kazi. Siku atakayoalikwa akashiba mapema, basi aswali Isha na jamaa, arudi nyumbani, na tarawehe yake aichelewishe mpaka usiku umekwenda na tumbo limepungua, kwani wakati wake unaendelea mpaka alfajiri. Siku nyingine zote arudi kwenye safu yake, na kikoi akifunge kwa wasaa.